Progress, Dragon, Cygnus, HTV-X au Tianzhou: Mzigo Wako wa Angani Upande Chombo Gani?

Vijana wa uhandisi hapa Dar es Salaam wanapoanza kupanga kupeleka kifaa chao kwenye kituo cha anga, swali la kwanza huwa ni la ukubwa. "Mwalimu, si tuchague tu kile kinachobeba mzigo mkubwa kuliko vyote?" Nimeulizwa hivyo na wa Mlimani, nimeulizwa hivyo na wa sekondari, na kila mara nawaomba tuanzie kwingine. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayepeleka mzigo Mbeya haanzi na ukubwa wa lori. Anaanza na mzigo wenyewe: ni samaki wa barafu au ni mabati? Unatakiwa ufike lini? Gari likirudi, linarudi na kitu au linarudi tupu? Vyombo vinavyohudumia vituo vya anga navyo huchaguliwa kwa maswali ya namna hiyo, na ukiyajibu kwa makini orodha inapungua yenyewe.

Vipo vitano vya kutazama, vyote vikisafiri bila mtu ndani: Progress ya Urusi, Dragon ya SpaceX na Cygnus ya Northrop Grumman ambazo ni za kampuni za Marekani, HTV-X ya Japani, na Tianzhou ya China. Vinne vya kwanza huenda Kituo cha Anga cha Kimataifa, kilicho kilomita 400 hivi juu ya ardhi. Tianzhou huenda Tiangong, kituo cha Wachina. Ulaya nayo ilikuwa na chombo chake, ATV, kilichosafiri mara 5 kati ya 2008 na 2014 kikiwa na uwezo wa kubeba zaidi ya tani 7, lakini kilishastaafu na sitakigusa tena.

Timu ya chuo hainunui tiketi ya chombo inachokipenda. Unaomba nafasi kupitia programu fulani, na shirika la anga ndilo linalokupangia safari. Hata hivyo, ukivijua vyombo hivi unajua uombe programu ipi, na zaidi ya hapo unajua kifaa chako ukitengeneze vipi.

Kuna kitu kinachotakiwa kurudi?

Hili ndilo swali linalomaliza mjadala haraka. Katika vitano hivyo, Dragon ndiyo inayorudi duniani ikiwa nzima na shehena yake ndani. Vingine vikimaliza kazi hujazwa taka, huachana na kituo, kisha huungua vinapoingia kwenye angahewa, na mabaki yake huelekezwa sehemu ya Pasifiki ya Kusini iliyo mbali na makazi ya watu. Taka hizo ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Kule kituoni nguo hazifuliwi. Maji ni ya thamani mno, hata mkojo husafishwa ukanywewa tena. Fulana ikishavaliwa vya kutosha inaingia kwenye mfuko wa taka, na mfuko unasubiri chombo cha kwenda kuungua.

Dragon hushuka kwa miamvuli hadi baharini, ikaopolewa na meli, na sampuli hukabidhiwa watafiti. Inaweza kurudi na tani 3 hivi. Ndani yake kuna nafasi zenye umeme za kuwekea majokofu, ndiyo maana imeweza kurudisha damu iliyogandishwa, fuwele za protini, hata panya walio hai. Ili uone uzito wa jambo hili, kumbuka hali ilivyokuwa baada ya vyombo vya Space Shuttle kustaafishwa Julai 2011. Njia ya kurudisha kitu ikabaki Soyuz, chombo cha Urusi cha kusafirishia watu, ambamo mzigo unapenyezwa pembeni ya viti vya watu watatu. Mtafiti aliyetaka sampuli zake alingoja foleni. Mei 2012 Dragon ikafika kituoni, chombo cha kwanza cha kampuni binafsi kufanya hivyo, na mambo yakabadilika. Toleo linalotumika sasa, lenye uwezo wa kuungana na kituo lenyewe bila kushikwa na mkono wa roboti, lilianza na safari ya Desemba 2020.

Kwa hiyo kama timu yenu inataka kupeleka mbegu za mtama, kuziacha zipigwe na mionzi miezi kadhaa, kisha kuja kuzipanda Morogoro sambamba na ndugu zake zilizobaki nyumbani, tafuteni programu inayorudi na Dragon. Hakuna ujanja wa kuzunguka hilo. Lakini kama matokeo yenu ni namba tu, joto, mionzi, picha, basi namba hizo husafiri kwa redio, na kudai nafasi ya kurudi ni kumnyima mwenye sampuli za kweli.

Satelaiti ndogo: njia waliyopita majirani zetu

Timu nyingi za Afrika hazihitaji kurudishiwa chochote. Zinataka satelaiti yao ifike, itolewe nje na ianze kuzunguka dunia. Hapa tuna mifano ya jirani kabisa. Satelaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, ilipanda Dragon tarehe 2 Aprili 2018 na kuachiwa kutoka kituoni tarehe 11 Mei mwaka huo huo. Ilipata nafasi kupitia KiboCUBE, programu ya ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia anga za juu pamoja na JAXA, shirika la anga la Japani. Ghana ilikuwa imetangulia mwaka 2017, nayo kwa Dragon. Mauritius ikafuata mwaka 2021, Dragon tena. Uganda na Zimbabwe ndizo zilizopanda Cygnus, Novemba 2022.

Safari hiyo ya Cygnus nawasimulia wanafunzi wangu kila nipatapo nafasi. Chombo kilirushwa tarehe 7 Novemba kutoka kisiwa cha Wallops, Virginia, kikiwa na paneli mbili za jua zinazotakiwa kujikunjua mara kinapofika angani. Moja ikafunguka. Ya pili ikagoma. Wahandisi wakapiga hesabu za umeme, wakaridhika kwamba paneli moja inatosha, wakaendelea na safari. Siku mbili baadaye Cygnus ikawa imeshikwa na mkono wa roboti wa kituo, na tarehe 2 Desemba PearlAfricaSat-1 ya Uganda na ZimSat-1 ya Zimbabwe zikaachiwa.

Kinachofanyika kati ya kufika na kuachiwa ndicho kinachopaswa kuongoza utengenezaji wa kifaa chako. Satelaiti haifungwi kwenye roketi kwa misumari. Inaingizwa kwenye kasha lake la kurushia, kasha linawekwa kwenye mfuko laini uliojaa sponji, na mfuko unapangwa na mifuko mingine ya chakula na vipuri. Kwa sababu hiyo mtetemo unaoifikia ni mdogo kuliko ule wa satelaiti inayofungwa moja kwa moja juu ya roketi. Kituoni, mwanaanga analifunga kasha kwenye meza inayoteleza ya chumba kidogo cha kutokea nje kilicho kwenye Kibo, maabara ya Wajapani iliyo sehemu ya kituo. Mlango wa ndani unafungwa, hewa inatolewa, mlango wa nje unafunguliwa. Mkono wa roboti unalichukua kasha na kulielekeza nyuma na chini ya kituo, ili kitakachotoka kisije kikarudi kukigonga. Kifuniko kinafunguka, springi inasukuma, na satelaiti inaondoka taratibu.

Njia hii ina masharti yake. Kifaa chako kitalala kwenye nyumba ya watu, kwa hiyo ukaguzi wa usalama ni mkali: betri, kemikali, ncha kali, vyote vinahojiwa. Tena kimo cha kituo si kikubwa, na hewa nyembamba iliyoko huko inaivuta satelaiti chini polepole. 1KUNS-PF ilikuwa imeshaungua kufikia 2020. Anayetaka satelaiti ya kukaa miaka kumi aachane na vyombo vya mizigo, atafute roketi ya kumpeleka juu zaidi.

Kwa satelaiti ya namna hii, basi, Dragon, Cygnus na HTV-X zinakufaa kwa usawa. Usigombanie jina la chombo. Gombania tarehe.

Progress: chombo kisichokubeba, lakini kinachokibeba kituo

Huwa nasikitika watu wakiipita Progress haraka kwa sababu ni ya zamani na inabeba kidogo, tani 2 na nusu hivi. Ya kwanza ilirushwa tarehe 20 Januari 1978 kwenda kituo cha Salyut 6. Tangu hapo imehudumia vituo vya Salyut, ikahudumia kituo cha Mir, na sasa Kituo cha Kimataifa, ikirushwa kwa roketi za Soyuz kutoka Baikonur, Kazakhstan. Hakuna aina nyingine ya chombo cha mizigo iliyofanya kazi hii kwa muda mrefu kiasi hicho.

Kazi yake ya pekee ni mafuta. Kituo kinapozunguka, hewa ile ile nyembamba inayoivuta satelaiti yako inakivuta nacho, kikawa kinashuka takribani kilomita 2 kwa mwezi. Lazima kisukumwe juu. Progress inaungana upande wa Warusi, na kupitia mabomba yaliyo kwenye pete ya kuungania, mafuta yake yanahamishiwa kwenye matangi ya kituo. Vilevile inaweza kuwasha injini zake na kukisukuma kituo kizima. Wengine wameanza kujifunza: Cygnus ilikisukuma kituo Juni 2022, Dragon ikajaribu Novemba 2024. Lakini kumimina mafuta ndani ya matangi ya Kituo cha Kimataifa, kati ya hivi vinne, ni Progress.

Tena ina haraka. Julai 2020 moja ilifika kituoni saa 3 na dakika 18 hivi baada ya kurushwa. Basi la Dar kwenda Dodoma halijafika.

Progress ndiyo iliyotufundisha kwa uchungu kwa nini chombo cha mizigo kinakaribia kituo kwa masharti mengi. Tarehe 25 Juni 1997 Progress M-34 ilikuwa ikiongozwa kwa mkono na mwanaanga aliyekuwa ndani ya Mir, akitazama picha ya kamera kwenye skrini. Ikaja kwa kasi kuliko ilivyotakiwa, ikaigonga moduli ya Spektr. Hewa ikaanza kuvuja. Mlango wa moduli haukuweza kufungwa kwa sababu nyaya zilikuwa zimepitishwa pale pale mlangoni, na ilibidi zikatwe na kuchomolewa ndipo kifuniko kikae. Watu watatu walinusurika. Kila ninapokuta mwanafunzi ananung'unikia makaratasi ya usalama, namsimulia kisa hicho, kisha tunarudi kwenye makaratasi.

Cygnus na HTV-X: nafasi na mlango

Hawa wawili wanafanana. Wote hukaribia kituo kwa kusitasita, husimama umbali wa mita 10 hivi, huzima injini zao, na mwanaanga au mtu wa ardhini hupeleka mkono wa roboti kuwashika na kuwapachika. Wote huungua mwisho wa safari. Wote wana nafasi kubwa.

Nafasi ni jambo watu hulisahau wakishabikia tani. Mzigo wa angani mara nyingi ni mwepisi lakini mpana: sponji, mifuko, mashine zenye uwazi ndani. Cygnus iliyotumika miaka mingi ilikuwa na mita za ujazo takribani 27 zenye hewa, wakati sehemu ya hewa ya Dragon ni 9 hivi. Dragon inajitetea kwa sehemu yake ya nyuma isiyo na hewa, ambako paneli mpya za jua za kituo zilisafirishwa zikiwa zimeviringishwa. Toleo jipya la Cygnus, liitwalo XL, liliruka kwa mara ya kwanza Septemba 2025 likiwa na tani 5 hivi. Injini yake kuu ilijizima mapema njiani, likachelewa siku moja, likafika.

Kinachoitofautisha HTV-X ni mlango. Mlango wa Progress, na wa Dragon ya sasa, una upana wa sentimita 80 hivi. Wa HTV-X ni mraba wa takribani mita 1 na sentimita 27. Kabati zima la maabara linapita. Mtangulizi wake, Kounotori, alisafiri mara 9 kati ya 2009 na 2020 bila kupoteza hata safari moja, na ndiye aliyepeleka betri mpya kubwa za kituo. HTV-X ya kwanza ilirushwa tarehe 26 Oktoba 2025 kutoka Tanegashima kwa roketi ya H3, uwezo wake karibu tani 6. Imeundwa pia ili baada ya kuachana na kituo iweze kuendelea kuzunguka hadi mwaka mmoja na nusu ikifanya majaribio yake yenyewe.

Cygnus nayo hupewa kazi baada ya kuondoka. Kuanzia mwaka 2016 NASA ilikuwa ikiwasha moto wa makusudi ndani yake ikishakuwa mbali na kituo, ili kuona namna vitu vinavyoungua pasipo uzito. Jaribio la aina hiyo huwezi kulifanya mahali wanapolala watu. Ukiwa na wazo la hatari, la moto au la kitu kinachopasuka, chombo kinachokwenda kuungua ndicho rafiki yako.

Tianzhou

Kwa uwezo, huyu ndiye mkubwa: tani 7.4 tangu Tianzhou-6 ya Mei 2023, kwa roketi ya Long March 7 kutoka Wenchang, kisiwani Hainan. Inahamisha mafuta kama Progress. Tianzhou-5, Novemba 2022, ilitumia saa 2 na dakika 7 tu kufika Tiangong.

Lakini huwezi kuchagua Tianzhou kwa mzigo wa Kituo cha Kimataifa. Sheria ya Marekani ya mwaka 2011 inaizuia NASA kushirikiana na China moja kwa moja, na vituo viwili hivi vinaishi maisha tofauti. Sisi hatufungwi na sheria hiyo. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa na China walitangaza miradi 9 iliyokubaliwa kwa ajili ya Tiangong, na mmojawapo, wa kupoza mitambo, uliletwa na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma pamoja na Chuo Kikuu cha Machakos, Kenya. Jina lake ni BARIDI SANA. Nililiona kwenye orodha ile nikafurahi kama vile mradi ni wa kwetu.

Kipi hakianguki?

Hakuna. Tarehe 28 Oktoba 2014 roketi iliyobeba Cygnus ililipuka sekunde chache baada ya kuruka, na miradi ya wanafunzi ikateketea ndani yake. Aprili 2015 Progress ikafika angani ikizunguka ovyo, ikapotea. Juni 28 mwaka huo roketi ya Dragon ikasambaratika ikiwa njiani. Aina tatu tofauti katika miezi minane. Kituo kilivuka kwa akiba kilichokuwa nayo, kwa Progress nyingine ya Julai, na kwa Kounotori iliyofika Agosti ikiwa na vipuri vya kusafishia maji vilivyopakiwa kwa dharura.

Somo la kiufundi hapo ni la roketi kuliko chombo. Cygnus imeruka kwa Antares, ikaruka kwa Atlas V wakati Antares imesimama, na tangu Januari 2024 inaruka kwa Falcon 9, kwa sababu Antares ilitegemea injini za Urusi na hatua ya kwanza iliyojengwa Ukraine, na vita vikakata njia hiyo. Maana yake ni kwamba Dragon na Cygnus sasa zinapanda roketi ile ile. Julai 2024 Falcon 9 ilisimamishwa kama wiki mbili baada ya hitilafu. Mtu akikuambia timu yako ina njia mbadala kwa sababu ipo Dragon na ipo Cygnus, mwulize habari ya roketi. HTV-X kwa H3 ndiyo njia mbadala ya kweli kwa anayepitia Kibo.

Tengenezeni vifaa viwili vinavyofanana, kimoja kibaki Dar. Cha kwanza kikipotea, hamtaanza upya.

Ningechagua hivi

Kwa sampuli zinazorudi, Dragon, bila kusita. Kwa kifaa kipana au kabati la maabara, HTV-X. Kwa jaribio la moto, Cygnus. Kwa timu yenye uhusiano na chuo cha Ulaya au China na jaribio la kukaa ndani ya kituo muda mrefu, Tiangong, hivyo Tianzhou. Kwa satelaiti ya kwanza ya wanafunzi wa Dar, ningeomba KiboCUBE na kukubali chombo chochote nitakachopewa, nguvu yangu yote nikiielekeza kwenye betri, maana hapo ndipo wakaguzi watakapoanzia.

Na ningeomba mapema. Nairobi walichaguliwa 2016 wakaruka 2018. Mpango uliopo ni kukishusha Kituo cha Kimataifa karibu na mwisho wa 2030, na mwaka 2024 NASA ilikwishaipa SpaceX kazi ya kujenga chombo cha kukisukuma chini. Kibo inaondoka nacho. Timu inayotaka kupitia mlango ule inapaswa kuwa na michoro yake mezani sasa hivi, pamoja na mtu aliyekwishasoma masharti ya usalama ya JAXA ukurasa kwa ukurasa.